Kiporo cha Ukurasa wa Pili

Mama Pacha ana hasira za karibu na hajawahi kuzionea haya. Kazini kwake wanajua: akianza kugonga vitufe vya kompyuta kwa kishindo, mwenye shughuli upande wa pili wa jengo aiwahi. Ni mwandishi wa programu, kazi aliyoifanya miaka nenda miaka rudi, katika kampuni ndogo iliyopanga ghorofa ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nondo zikishushwa chini, meza yake hutetemeka na chai humwagika. Kiti chake kilikatika gurudumu siku nyingi. Akaomba kingine, akaahidiwa, akaomba tena, akaahidiwa tena, mwishowe akaokota kipande cha tofali akakiweka chini yake. Cheo chake kwenye karatasi ni kirefu, lakini mama mkwe wake amekifupisha: "Mkwe wangu anachezea kompyuta." Mama Pacha hucheka akisikia hivyo, maana mama mkwe hana ubaya. Wenye ubaya wapo, na hao ndio waliomfanya siku moja apaze sauti hospitalini mpaka walinzi wakaja kuchungulia.

Siku mambo yalipoanza alikuwa jikoni anapasha kiporo. Pacha wake walikaa mezani na nyuso za mgomo.

"Mama, hiki si kile cha juzi?"

"Ni cha jana. Kuleni."

"Cha jana chenyewe kilikuwa cha juzi."

Alitaka kucheka akajizuia, maana angecheka tu, wangesusa kabisa. Mara hodi ikapigwa, na mpiga hodi alikuwa ameshaingia. Ni wifi yake, dada wa mume wake, mpokeaji wa wagonjwa katika kliniki ya macho ya hospitali ya pale mjini. Huyu Wifi ana sauti ya kuita majina. Akikusalimia sebuleni, jirani anaitikia. Na kwa kawaida haingii jikoni mwa Mama Pacha bila kumchokoza: mara chumvi hujui, mara mikono yako hiyo ya kuandikia haijui mwiko. Siku hiyo hakuchokoza. Alivuta kigoda, akakaa, akaangalia sakafu. Sare ya kazi alikuwa nayo mwilini, ila pale kifuani panapokaa kitambulisho palikuwa patupu.

"Wifi, wamenivua kitambulisho," akasema. "Mbele ya watu. Wamesema nauza namba za foleni."

"Nani kasema?"

"Afisa Utumishi. Kaja dirishani kwangu, watu wamejaa kwenye mabenchi, kaniita mwizi. Mimi! 'Huyu mama ndiye anayeuza namba zenu,' ndivyo alivyosema, kwa sauti, kila mtu anasikia. Kikao ni Ijumaa. Wakishaniandika mwizi, wifi, nani ataniajiri tena? Na mama pale nyumbani anamtegemea nani?"

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kwa wiki kadhaa wagonjwa walikuwa wanarukwa. Mtu anafika asubuhi, anaandikishwa, anakaa, wenzake wanaitwa, yeye haitwi, mpaka daktari anavua koti anaondoka. Si kila siku, wala si mtu yuleyule, ndiyo maana malalamiko yalikuwa ya chinichini. Mpaka akatokea fundi cherehani mmoja, mzee mpole, mwenye presha ya jicho, aliyeandikiwa aonwe haraka. Akaja, akakaa siku nzima, hakuitwa. Akaja tena, vilevile. Alipokuja kuonwa safari ya tatu, daktari alimmulika jicho la kushoto, akamwambia ukweli: hili halirudi, tuombee la kulia. Mzee hakupiga kelele. Alikwenda dirishani kwa Wifi akamwuliza tu, "Mama, mimi nilikukosea nini?"

"Wifi, lile swali!" Sasa machozi yakamtoka. "Afadhali angenitukana. Na siku zile zote mbili nilimwandika kwa mikono yangu hii, yuko kwenye benchi namwona. Baadaye nikimtafuta kwenye orodha, hayumo. Ukurasa wa kwanza hayumo, wa pili hayumo. Nikadhani amechoka kaondoka. Sasa anasema alikuwepo, nami nasema nilimwandika, nani atatuamini?"

"Ngoja kwanza. Mfumo mnaotumia si ni ule wetu?"

"Si ndio wenu! Ule mliokuja kutuambia sasa unakimbia kama upepo. Unakimbia kwenda wapi sijui, maana hauna hata adabu. Mmoja haumtaji, mwingine unamtaja mara mbili."

Mwiko ukasimama hewani. "Mara mbili vipi?"

"Mtu ameshaonwa, ana alama yake ya kijani mwisho wa ukurasa wa pili. Nikigeuza wa tatu, namkuta tena juu kabisa, na alama yake ileile. Nilishawahi kumwambia mwenzangu, huyu ana pacha nini?"

Mama Pacha akazima jiko. Watoto walipoona mama ameduwaa waliteremka mezani mmojammoja, kimya kimya, wakaenda zao kucheza, na kile kiporo hakuna aliyekikumbuka tena siku hiyo.

Kesho yake alifika kazini kabla ya kila mtu isipokuwa Kasi. Kasi ndiye mwenzake wa meza ya mkabala, jina la utani alilopewa kwa kuwa kwake kila kitu lazima kiende mbio. Hata salamu haimalizi. Ukifika "habari za" yeye ameshajibu "nzuri" na amerudi kwenye skrini. Masikioni ana visikizio kutwa.

"Kasi, wifi yangu ana matatizo makubwa."

"Izime, uiwashe tena," Kasi akasema bila kugeuka.

"Wifi yangu mtu, wewe! Dada wa mume wangu! Na wewe ndiye uliyemzima!"

Hapo Kasi akavua visikizio.

Mambo yenyewe si magumu, ni ya kuudhi tu. Orodha ya wagonjwa wa siku hukaa kwenye kurasa, majina ishirini kila ukurasa. Wifi huanza na wa kwanza, anaita, anaweka alama ya kijani, akimaliza anageuza wa pili, kisha wa tatu. Zamani kila alipogeuza ukurasa, mfumo ulikwenda kwenye ghala la taarifa ukauliza upya nani wamo na wamepangana vipi. Kasi akaona huko ni kupoteza muda. Kiunzi, yaani ule msingi ulioandikwa tayari wanaojengea juu yake programu zao, kina njia ya mkato: unaongeza mstari mmoja, na ukurasa uliokwisha kusomwa unawekwa kando, ili ukiitwa tena utolewe ulivyo bila kulisumbua ghala. Wenyewe wanaiita kache. Mama Pacha tangu asubuhi ile anaiita kwa jina lake halisi, kiporo.

Na kiporo si dhambi, jamani. Kila nyumba inakula kiporo. Dhambi ni kukaa nacho bila kujua kimechacha lini. Kasi alipanga hivi: akija mgonjwa mpya, anaingia mkiani, basi ukurasa wa mwisho unamwagwa na kupikwa upya. Ikija dharura, inaingia juu kabisa, basi ukurasa wa kwanza unamwagwa na kupikwa upya, na wa mwisho pia, maana mkia umesogea. Kurasa za kati hazikuguswa, ila alama za kijani tu ndizo zilibandikwa juu yake. Zilipikwa asubuhi zikapakuliwa mpaka jioni.

"Sasa angalia," Mama Pacha akamwambia, akafungua nakala ya mazoezi, mfumo uleule lakini usio na wagonjwa wa kweli. Ilimbidi ajaze majina ya kubuni, na kwa kuwa akili yake ilikuwa bado jikoni, akajaza vyombo: Sufuria, Mwiko, Upawa, Kinu, Mchi, Kikaango, na kuendelea, mpaka akafika katikati ya ukurasa wa tatu. Wa mwisho ukurasa wa kwanza alikuwa Chujio. Wa mwisho ukurasa wa pili alikuwa Ungo. Akafungua kurasa zote, ili viporo viwekwe. Kisha akamwingiza mgonjwa wa dharura, akamwita Bwana Mkubwa.

Bwana Mkubwa akakaa juu kabisa. Wote wakasogea chini nafasi moja, kama watu kwenye benchi wanavyosogea akija mnene. Chujio akasukumwa nje ya ukurasa wa kwanza. Alitakiwa aangukie kichwani mwa ukurasa wa pili. Mama Pacha akageuza ukurasa wa pili. Chujio hayumo. Ukurasa wa pili ulikuwa kiporo cha asubuhi, haukuwa na habari kwamba kuna mtu anashuka. Akageuza wa tatu, na pale juu amekaa Ungo, ambaye mwisho wa ukurasa wa pili alikuwepo vilevile.

"Aisee," Kasi akasema.

"Aisee nini? Mtafute Chujio. Nitafutie Chujio hapo!"

Kasi akatafuta. Akapandisha, akashusha, akageuza kwenda na kurudi. "Kwenye ghala yumo," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwenye ghala yumo, kwenye benchi yumo, hewa anavuta! Mahali pekee ambapo hayumo ni kwenye skrini, na skrini ndiyo inayoita watu. Yule mzee anatoka mbali, anafika saa zilezile kila siku, kwa hiyo anaangukia palepale kila siku, mwisho wa ukurasa wa kwanza. Kila anayepitishwa juu, mmoja anadondoka katikati ya kurasa. Jicho la mtu limekwenda hivyo, Kasi. Katikati ya kurasa!"

Kasi si mtu mbaya. "Nilifikiri watu wanaingia juu au wanaingia chini. Sikuwaza waliobanwa kati."

"Na hii mbio yote ilikuwa ya nini? Orodha ya watu wasiofika hata mia. Ghala lingeulizwa kila mara, lingekufa?"

"Bosi alitaka siku ya maonyesho ukurasa ufunguke kabla hajamaliza kusema 'tazameni'."

Wakarekebisha saa ileile, kwa sababu wagonjwa walikuwa wanaendelea kukaa kwenye yale mabenchi. Waliitoa kache yote kwenye orodha ya siku. Kila ukurasa urudi kuuliza ghala, na ukichelewa kwa kupepesa kope, na uchelewe. Ila nakala ya mazoezi, ile yenye Chujio na Ungo, Mama Pacha aliiacha na kosa lake, akaihamishia kwenye kompyuta yake ya mkononi. Kisha akaenda kwa Bosi.

Bosi ni mtu wa manukato na maneno laini. Alisikiliza mpaka mwisho, akiviringisha kalamu, akasema, "Kwanza tusiite kosa. Tuiite changamoto."

"Bosi, mtu amepofuka."

"Ndiyo maana nasema tuchunge maneno. Mmesharekebisha? Vizuri sana, hongereni. Ijumaa tutakwenda kikaoni tutasema mfumo uko salama. Si uko salama? Hapo hakuna uongo."

"Na yule mama wanayemwita mwizi?"

"Yule ni mtumishi wa hospitali, si wa kwetu."

"Ni wifi yangu."

"Ooh." Bosi akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeokota kitu. "Basi hapo kuna mgongano wa maslahi, Mama Pacha. Kikaoni nitakwenda na Kasi."

Unaona uungwana huo? Mtu anatoswa mchana kweupe, na anayetaka kumtetea anaambiwa akae kando kwa sababu anamjua! Angekuwa hamjui wangesema yanamhusu nini. Mama Pacha alirudi mezani, akagonga vitufe mpaka lile tofali likateleza chini ya kiti.

Ijumaa asubuhi Kasi akaamka anaumwa tumbo. Alimpigia Bosi simu kwa sauti ya mtu anayekata roho, kisha akafika kazini akakaa anatafuna karanga. Kwa kuwa Daktari Mkuu alikuwa amesisitiza aletwe mtu anayeujua mfumo, na mwingine hakuwepo, Bosi alimchukua Mama Pacha shingo upande. Waliposhuka kwenye gari akamwambia, "Nitaongea mimi."

Ofisi ya Daktari Mkuu ina mapazia mazito na viti ambavyo bado vina nailoni ya dukani, ukikaa vinapiga kelele. Ukutani kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Daktari Mkuu alikaa nyuma ya meza yake, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Afisa Utumishi alikaa pembeni yake na faili. Wifi alikuwa amewekwa karibu na mlango, amejifunga mtandio, mikono mapajani, amekonda kwa siku chache zile. Mama Pacha akaenda kukaa naye. Bosi alimwonyesha kiti cha upande wake, naye akajifanya hakuona.

"Kwa upande wetu," Bosi akaanza, "tumeukagua mfumo. Mfumo uko salama kabisa."

"Tangu juzi," Mama Pacha akasema.

Bosi akakohoa. Daktari Mkuu akainua macho. "Tangu juzi una maana gani?"

"Daktari, nina maana kwamba kabla ya hapo ulikuwa unafuta watu. Naomba nafasi nikuonyeshe, usiniamini kwa mdomo." Na kabla Bosi hajamaliza kusema jambo hilo ni la kitaalamu sana, kompyuta ilikuwa imeshafunguliwa mezani. Daktari Mkuu aliposoma Sufuria, Mwiko na Upawa akacheka. Mama Pacha akamwomba asome jina la mwisho la ukurasa wa kwanza, alikariri, kisha aweke dharura yeye mwenyewe. Akabonyeza. "Haya, daktari, mwite Chujio."

Daktari Mkuu akageuza ukurasa, akageuza tena, akarudi nyuma. Kicheko kikamwisha. Alikuwa daktari, mambo ya kuelewa anaelewa.

"Kwa hiyo inatokea kila dharura ikiingizwa," akasema hatimaye.

"Kila mara. Dharura moja, mtu mmoja."

"Dharura za kweli kwetu ni chache," Afisa Utumishi akasema harakaharaka, na hakujua alichokisema mpaka Wifi alipoinua kichwa.

"Mimi hicho kitufe cha dharura sina," Wifi akasema. "Dirishani kwangu hakipo. Kipo meza moja tu hospitali nzima. Na wanaopitia huko nawaona wakitoka: wamekuja kubadilisha fremu za miwani, wananiaga kwa jina."

Hakuna aliyeuliza ni meza ipi, maana walikuwa wameizunguka. Daktari Mkuu akashusha miwani yake akaivaa, akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Basi wakageuka waungwana ghafla. Afisa Utumishi akafunga faili, akasema jambo limeeleweka, mama arudi kazini Jumatatu, ataandikiwa barua nzuri ya kumsafisha. Bosi akasema kampuni itatoa fundi wa kuangalia mfumo mara kwa mara. Daktari Mkuu akasema la msingi ni kulimaliza humu humu ndani, tusizue taharuki. Kila mmoja alikuwa anatikisa kichwa kumkubalia mwenzake. Mama Pacha alitazama vichwa vile vikitikisika akahisi damu inampanda masikioni, lakini kabla hajafumbua mdomo, Wifi alisimama.

"Mlinitukana kwa mdomo," akasema, "mnaniomba radhi kwa karatasi?"

"Mama, barua ndiyo yenye uzito," Afisa Utumishi akasema.

"Wewe uliniita mwizi kwa barua? Ulikuja dirishani! Watoto wa watu walisikia, mwuza maji wa getini alisikia, jana sokoni mtu kanihesabia chenji mara mbili huku ananikodolea macho. Hiyo barua yenu nitaipeleka wapi, niitundike shingoni? Nisafisheni palepale mliponichafulia."

"Haiwezekani," Daktari Mkuu akasema. "Wagonjwa hawatatuelewa."

Hapo ndipo Mama Pacha alipolipuka. "Wagonjwa hawataelewa nini? Mwizi walielewa! Neno 'mwizi' halikuhitaji mtaalamu, ila neno 'samahani' linahitaji kikao? Hivi nyie watu mna haya kweli?" Akaenda akaufungua mlango, ukagonga ukutani pwaa. Ofisi ile inatazamana na mabenchi ya kliniki ya macho, na watu wote, waliofunikwa jicho na wasiofunikwa, wakageuza shingo. Bosi akamnong'oneza kwa meno, "Jumatatu tutaongea, wewe." Yeye akajibu kwa sauti kamili, "Tuongee hata leo!"

Mlango ukiwa wazi hivyo, mkubwa hawezi kubaki amekaa. Daktari Mkuu akatoka, akasimama karibu na dirisha la mapokezi, akasafisha koo. "Ndugu wagonjwa. Siku za karibuni kulikuwa na changamoto ndogo ya mtandao..."

"Si mtandao!" Mama Pacha akapaza sauti, na hapo ndipo walinzi walipokuja kuchungulia. "Jamani, sikilizeni, mimi ni miongoni mwa waliotengeneza huo mfumo, msimwonee mwingine. Haukuwa mtandao. Kila mtu aliyepitishwa juu yenu bila zamu, mmoja wenu jina lake lilifutika kwenye skrini. Huyu mama hakumfuta mtu. Mfumo wetu ndio uliowafuta, na waliokuwa wanapitisha watu wao ndio waliokuwa wanausukuma. Yeye alikuwa anaita majina aliyopewa."

Mabenchi yakaguna kwa pamoja. Daktari Mkuu akamgeukia Wifi, akasema kitu kwa sauti ya chini.

"Hatujasikia!" mama mmoja akadakia kutoka nyuma.

"Daktari, hatujasikia! Wakati wa kumwita mwizi tulisikia mpaka getini!" mwingine akaongeza.

Ikabidi arudie. "Nimesema samahani, mama. Hukuuza namba. Tulikuonea." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyopanga, na Afisa Utumishi, huku amejiinamia, akatoa kitambulisho kwenye faili akakikabidhi. Watu wakapiga makofi, wengine wakacheka, mama wa nyuma akapiga kigelegele. Wifi akakibandika kitambulisho kifuani, akamshika Mama Pacha mkono akaubana mpaka ukauma. Na Mama Pacha, kwa mara ya kwanza wiki ile, akajisikia vizuri. Wameshinda. Waongo wameumbuka mchana. Alikuwa tayari kwenda kula chakula cha moto.

Ndipo mzee mmoja akainuka kutoka benchi la kwanza. Alikuwa na tepu ya kupimia nguo shingoni, ameisahau alipotoka kazini, na jicho la kushoto lilikuwa limetulia lenyewe, halimfuati mwenzake. Makofi yakafa. Kila mtu pale alimjua.

"Mwanangu," akamwambia Mama Pacha, "wewe ndiye uliyesema mmetengeneza?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Na hilo kosa mmeshalirekebisha?"

"Tumelirekebisha, mzee wangu. Juzi ileile."

"Kwa hiyo jina langu halitapotea tena."

"Halitapotea kabisa."

"Haya. Nashukuru." Akafikiri kidogo. Hakuwa anamkejeli mtu. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia. "Na jicho sasa, linarudishwa kwa kubonyeza wapi?"

Mama Pacha, mwenye neno kwa kila mtu, akageuka nyuma. Alimtazama Bosi, Bosi alikuwa anaangalia viatu vyake. Alimtazama Daktari Mkuu, Daktari Mkuu alikuwa ameshavua miwani. Hasira yake yote ya wiki nzima ilikuwa palepale, na haikuwa na pa kwenda.

Wifi akatoka pale dirishani. "Mzee, twende," akasema, akamshika kiwiko upande ule asiouona, akampitisha mbele ya mabenchi yote, mbele ya watu waliokuwa pale tangu alfajiri, mpaka chumba cha daktari. Hakuna hata mmoja aliyeguna.